DVD ya harusi haichezi kwenye flashi: kujua kosa liko wapi

DVD ya harusi ya mwaka 2008 imekaa kabatini Langoni, mtaa wa Lamu. Deki ilikufa zamani, na sebuleni sasa kuna televisheni bapa yenye tundu la flashi ubavuni. Kinachotakiwa ni faili moja tu ya kuchomeka na kutazama. Kompyuta inaigeuza DVD kuwa faili kwa saa tatu, flashi inachomekwa, televisheni inaandika kwamba haiitambui faili. Inajaribiwa programu nyingine, saa tatu nyingine, na jibu ni lilelile.

Kurudia kazi nzima bila kujua kilichoharibika ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ubovu unaweza kuwa kwenye diski, kwenye faili uliyotengeneza, au kwenye televisheni na flashi yake, na kila upande una dalili zake. Basi usigeuze saa tatu za harusi kabla ya kugeuza dakika mbili. Kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, pale penye Range, chagua Seconds, weka 600 hadi 720, toa kipande hicho, kichomeke kwenye televisheni ileile itakayotumika. Chagua sehemu yenye watu wanaocheza, si sehemu ya mapambo na maua, maana kasoro hujificha picha ikitulia.

Maelezo haya ni ya diski za nyumbani: harusi, Maulidi, hafla za madrasa, zilizochomwa na wapiga picha wa mji. Filamu za dukani zina kufuli na hakimiliki. HandBrake haifungui kufuli hilo, na mara nyingi anayelazimisha huambulia picha ya miraba ya kijani na waridi.

Kilichomo ndani ya kasha

Ichukulie faili ya video kama kasha. Nje lina jina: MP4, MKV, AVI, VOB. Ndani mna picha iliyobanwa kwa njia yake na sauti iliyobanwa kwa njia yake. Televisheni hukagua vyote vitatu, na kimoja kikiikosea tu, hukataa au hucheza nusu.

Kwenye DVD picha ni MPEG-2, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu Kenya ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL. Sauti huwa AC-3, MP2 au PCM, kHz 48. Diski iliyotoka kwa jamaa Marekani itakuwa 720 kwa 480 na fremu 29.97, usiilazimishe iwe 25, iache ilivyo.

Unachotaka kutoa kwa televisheni ya kawaida ni hiki: kasha la MP4, picha ya H.264 ya biti 8, wasifu (Profile) wa High, kiwango (Level) cha 4.0, sauti ya AAC ya stereo. Programu ya bure ya MediaInfo itakuonyesha yote hayo ya faili yoyote kwa sekunde moja. Uwe nayo kabla ya HandBrake.

Diski inazunguka, kompyuta haioni kitu

Geuza diski uangalie upande unaong'aa. Ukiona pete iliyokolea rangi kuanzia katikati, kuna kitu kimeandikwa. Kompyuta ikisema ni tupu, huenda diski haikufungwa. Rekoda za mezani na zile kamera za diski ndogo za sentimita 8 huiacha diski wazi ili uongeze mengine, mpaka mtu abonyeze Finalize kwenye mashine ileile. Mashine ikipatikana, funga diski kwanza. Isipopatikana, programu ya IsoBuster huweza kuzisoma diski nyingi za namna hiyo. Diski hizo ndogo usizitie kwenye kompyuta inayomeza diski kwa mdomo bila sahani, zitakwama ndani.

Ukifungua diski ukakuta folda ya DVD_RTAV badala ya VIDEO_TS, usihangaike kutafuta menyu. Ndani mna VR_MOVIE.VRO, nayo ni MPEG-2 ileile. Inakili, iite harusi.mpg, kisha endelea.

Mara nyingi, hata hivyo, ni uchafu tu. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na diski iliyokaa nje ya jalada lake hushika utando ambao jicho halioni mpaka uiinamishe kwenye mwanga. Tumia kitambaa laini cha pamba, maji safi na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha: mkwaruzo unaofuata duara hufuta data nyingi mfululizo, na mashine hushindwa kuijaza, lakini mkwaruzo unaokata njia hugusa kidogo kila mzunguko. Thina na petroli hutia ukungu kwenye plastiki, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Inanakili vizuri, kisha inagota karibu na mwisho

DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Alama za vidole na mikwaruzo huwa ukingoni, ndiyo maana diski iliyojaa hufia mwishoni, bibi harusi anapoingia nyumbani. Kuburuta faili kwa kipanya hapa hakufai: kompyuta ikikutana na sekta moja mbovu hutupa faili nzima ya gigabaiti moja.

Kwenye Linux tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza yaliyo mazima kisha hurudia mabovu:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Faili ya .map hukumbuka ilipofikia. Stima ikikatika, toa amri ileile na itaendelea pale ilipoachia. Zaidi ya hayo, unaweza kuitoa diski, kuifuta tena, hata kuihamishia kwenye mashine nyingine, ukaendelea na ramani ileile. Mashine mbili za DVD hazisomi mikwaruzo sawasawa, na ile ya zamani ya kompyuta ya mezani mara nyingi huzishinda nyembamba za kuchomeka kwa USB.

Ukishapata ISO, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja, diski irudi kwenye jalada. Kila kitu kinachofuata kifanywe kutoka kwenye ISO, si kwenye diski yenyewe.

Faili ina dakika chache, au muda unaoonyeshwa si wa kweli

Ndani ya VIDEO_TS utaona VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja isiyozidi gigabaiti moja. Hizo si sehemu za harusi; ni mkate mmoja uliokatwa vipande ili faili zisiwe kubwa mno. VTS_01_0.VOB huwa ni menyu. Anayegeuza VOB moja moja hupata video zinazokatika katikati ya neno. Anayezibandika kiholela hupata saa iliyovurugika, kwa kuwa hesabu ya muda ndani ya VOB inaweza kuanza upya njiani. Mpangilio wa kweli umeandikwa kwenye faili za IFO, kwa hiyo mpe HandBrake, au MakeMKV ambayo hutoa video kwenye diski kuwa MKV bila kuibana upya, folda nzima au ISO, zisome zenyewe.

MakeMKV ina tabia moja ya kujua: ilivyo, huruka kila kichwa (title, yaani video moja kamili ndani ya diski) kisichofika sekunde 120. Kipande kifupi cha salamu za wazee kikikosekana, ingia kwenye mipangilio upunguze kiwango hicho.

Angalia pia ni vichwa vingapi. Wapiga picha wengi huweka nikahi na kirumbizi, ngoma ya bakora, kwenye kichwa kimoja, hafla za kina mama za kupamba na vugo kwenye kingine. Hili si jambo la ufundi tu. Sehemu ya kina mama haikupigwa ili itazamwe na kila mtu, na flashi huzunguka mitaani kuliko diski. Toa kila kichwa kwenye faili yake, kila faili kwenye flashi yake, na ukiwa fundi wa kiume muombe mwenye diski alete dada au shangazi wa kukagua sehemu ile. Ikishakabidhiwa, ifute kwenye kompyuta pamoja na ISO yake, labda mwenyewe aseme vingine.

Televisheni inasema haitambui faili

Fungua MediaInfo, linganisha na orodha ya juu. Ukiona HEVC, programu ilichagua H.265, televisheni nyingi za zamani hazina. Ukiona biti 10, picha imetoka kwa mpangilio wa kompyuta, si wa televisheni. Ukiona kiwango cha 5.1, ishushe iwe 4.0, hata kama picha yenyewe ni ndogo: televisheni husoma namba iliyoandikwa mlangoni na haiingii ndani kuhakiki.

Kwenye HandBrake anza na mpangilio uitwao Fast 576p25, chagua MP4, encoder ya H.264, ubora RF 20, Constant Framerate. Wanaopenda kuandika amri kwa programu ya ffmpeg, hii ndiyo yote kwa diski ya 4:3 iliyokwisha kutolewa kuwa MKV:

ffmpeg -i harusi.mkv -vf "bwdif=mode=send_frame,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a aac -b:a 160k -ac 2 -ar 48000 -movflags +faststart harusi.mp4

Kwa jaribio la dakika mbili, tia -ss 600 -t 120 kabla ya -i.

Kuna njia ya mkato inayofaa kujaribiwa kabla ya yote hayo: chukua VOB moja, ibadilishe jina iishie .mpg, ichomeke. Televisheni nyingi zina uwezo wa MPEG-2 lakini hazilijui jina la VOB. Ikicheza na sauti, huenda huhitaji kugeuza kitu. Utoe tu kwa MakeMKV na ubaki na ubora wa asili. Mafundi hawaisemi sana njia hii, labda kwa sababu haina saa tatu za kulipiwa.

Picha ipo, sauti hakuna

Karibu kila mara ni AC-3 au PCM iliyobebwa ilivyo. AC-3 ilihitaji leseni kwa miaka mingi, na baadhi ya televisheni za bei nafuu haziijui. Kwenye ukurasa wa Audio, badala ya Passthru chagua AAC, stereo, kilobiti 160. Picha haihitaji kuguswa tena:

ffmpeg -i mbovu.mp4 -c:v copy -c:a aac -b:a 160k -ac 2 nzuri.mp4

Dakika chache tu na imekwisha.

Nyuso zimekuwa nyembamba au pana

Pikseli za DVD si mraba. Picha ya 720 kwa 576 inaweza kuwa ya 4:3 au ya 16:9, na kinachoamua ni alama ndogo ndani ya faili inayomwambia mchezaji aivute. Televisheni nyingine huipuuza alama hiyo zikisoma flashi. Dawa ni kuivuta picha wewe mwenyewe mapema: kwenye ukurasa wa Dimensions weka Anamorphic kuwa None, kisha 768 kwa 576 kama ni 4:3, au 1024 kwa 576 kama ni 16:9. Usikisie, tafuta kitu cha duara kwenye picha, sinia ya kahawa au saa ya ukutani, na ukione kimekuwa duara kweli. Papo hapo angalia Cropping: ile ya kujiendea wakati mwingine hukata juu ya kofia kwenye picha za usiku, ikidhani giza ni ukingo.

Meno ya kitana kwenye bakora

Simamisha picha ya kirumbizi bakora inaposhuka. Badala ya bakora moja utaona mistari ya mlalo iliyopishana, kama meno ya kitana. Kamera za zamani hazikupiga fremu nzima kwa mara moja. Zilipiga mistari ya namba witiri, kisha sehemu ya 50 ya sekunde baadaye mistari ya namba shufwa, zikaisuka miwili pamoja. Televisheni ya kioo kinene ilionyesha nusu moja kisha nyingine, kwa hiyo hapakuwa na tatizo. Kioo bapa huonyesha zote pamoja, na bakora ilikwisha kusogea katikati yake.

Jambo hili ni lazima litengenezwe kabla ya kupunguza au kukuza ukubwa wa picha. Ukikuza kwanza, meno huchanganyika na picha na hakuna kichujio kitakachoyatoa. Kwenye Filters chagua Deinterlace, Bwdif. Ukitaka mwendo laini kama wa asili, chagua ile ya Bob: kila nusu inakuwa fremu yake, fremu 50 kwa sekunde, na faili huongezeka. Kwa goma na mashindano ya majahazi inafaa. Kwa hotuba za wazee ni kupoteza nafasi.

Ikiwa baada ya kuchuja watu wanakwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kila hatua, kama wanatetemeka, basi mpangilio wa nusu umeandikwa kinyume. Hutokea sana kwenye harusi zilizopigwa kwa kanda za DV, ambazo huanza na nusu ya chini, ilhali aliyechoma diski aliandika ya juu. Anza mlolongo wa vichujio kwa setfield=bff kabla ya bwdif, ujaribu dakika mbili zilezile. Ukiona umezidisha mtetemo, irudishe.

Midomo na sauti haviendi pamoja

Tazama mwanzo, kisha ruka hadi saa ya pili. Tofauti ikiwa ileile pote, ni kuchelewa tu, na hakuhitaji kugeuza upya. Sauti ikitangulia kwa sekunde 0.4:

ffmpeg -i harusi.mp4 -itsoffset 0.4 -i harusi.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy sawa.mp4

Ikiwa ni sauti inayochelewa, weka -0.4.

Tofauti ikikua kadiri harusi inavyoendelea, kuna fremu zilizopotea, aghalabu kwa sekta mbovu, au faili ina fremu zisizo sawa kwa sekunde. Hakikisha ni Constant, 25, na kwenye ffmpeg ongeza -af aresample=async=1000 ili sauti ijazwe panapokosekana. Kugeuza kwa kitufe cha Convert cha VLC huleta tatizo hili mara kwa mara. VLC itumie kutazamia.

Kunakili kwenye flashi kunakataa ilhali nafasi ipo

Flashi imeandaliwa kwa FAT32, ambayo haibebi faili inayofika gigabaiti 4. Kuiandaa upya kwa exFAT huponya upande wa kompyuta, lakini televisheni za zamani nyingi haziisomi exFAT, na utakuwa umehamisha ugonjwa. Punguza faili badala yake. Picha ya kilobiti 1500 kwa sekunde na sauti ya 160 hutoa takriban megabaiti 750 kwa saa. Harusi ya saa tatu inakaa kwenye gigabaiti 2.3. Kwa diski iliyopigwa na kamera ya kawaida hutaona tofauti ukiwa umekaa mkekani. Kumbuka kwamba kuifuta flashi kwa kuiandaa upya hufuta vyote vilivyomo.

Stima ilikatika ikiwa asilimia 95

MP4 huandika faharasa yake mwisho wa kazi. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti mbili zisizofunguka popote, na HandBrake haiendelei ilipoachia. MKV huvumilia: yaliyokwisha kuandikwa kwa kawaida huchezeka. Kwa hiyo mahali ambapo stima haiaminiki geuza kwanza kuwa MKV, kisha hamisha kasha bila kugusa yaliyomo:

ffmpeg -i harusi_h264.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Deki ya DVD yenye tundu la USB

Nyumba ambayo bado ina deki nzima haihitaji MP4. Deki hizo nyingi haziijui H.264 kabisa. Zinataka AVI yenye picha ya Xvid na sauti ya MP3, upana usiozidi 720. Zima Qpel na GMC kama programu yako inazo, maana deki hugoma au huonyesha picha iliyoyeyuka. Kwa 4:3:

ffmpeg -i harusi.mkv -vf "bwdif=mode=send_frame,scale=640:480,setsar=1" -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1400k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 harusi.avi

Faili ikikaribia gigabaiti 2, ikate vipande viwili. Jina liwe fupi, herufi na namba tu, bila nukta za ziada: kirumbizi1.avi, si jina lenye tarehe na majina ya maharusi wote wawili.

Inacheza vizuri mwanzo, kisha inaharibika, na kwenye kompyuta ni nzima

Ikiwa nakala ya faili ileile iliyo kwenye kompyuta haina kasoro, mtuhumiwa ni flashi. Flashi za gigabaiti 64 zinazouzwa kwa bei ya 8 mara nyingi ni za 8 zilizoandikwa uongo ndani. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, na zikijaa huandika juu ya yaliyotangulia. Zijaribu kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux kabla ya kuweka chochote. Hujaza flashi nzima kisha huisoma tena, kwa hiyo iwe tupu, na uipe muda. Ikiwa flashi ni halali lakini picha inakwama kila baada ya sekunde kadhaa, geuza kipande cha dakika mbili kwa kilobiti 1500 na kingine kwa 4000, uvichomeke vyote viwili: kinachokwama ni kipi ndicho kitakachokuambia kama flashi ni nzito kusomeka au tatizo liko kwingine.